Ukomavu wa Kihisabati na Sarufi ya Hoja: Safari ya Mwanafunzi wa Pembezoni mwa Dar es Salaam kutoka Shule ya Msingi hadi Chuo Kikuu

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya ukomavu wa kihisabati na namna ukomavu huo unavyojengeka katika miaka mingi ya kujifunza. Mazingira yanayozingatiwa ni ya wanafunzi wa Kinondoni, Temeke na maeneo jirani ya Jiji la Dar es Salaam, ambao hujifunza Hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kwa Kiingereza kuanzia Kidato cha Kwanza. Makala ni ya uchambuzi wa dhana, hivyo haiwasilishi data za uwandani. Hoja yake kuu ni kwamba ukomavu hukua pale mwanafunzi anaporejea swali lile lile katika umri tofauti na kulijengea hoja iliyo imara zaidi. Makala inaonyesha kuwa Kiswahili kina sarufi ya kutosha ya kujenga hoja hiyo, na kwamba jitihada za kukuza istilahi, ambazo kwa sehemu kubwa zimeshughulikia nomino, hazijaigusa vya kutosha sarufi hiyo. Mapendekezo yanahusu ufundishaji, upimaji na mafunzo ya walimu.

Maneno makuu: ukomavu wa kihisabati, hoja, uthibitisho, rejista, lugha ya kufundishia

1.0 Utangulizi

Katika Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, Hisabati imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa. Kwa miaka mingi ya muongo wa 2010, ni takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu somo hilo. Hali hii imezoeleka kiasi cha kuzaa maelezo yake mitaani. Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, mzazi na mtoto wake watakuambia kwamba hisabati inataka kipaji, na asiyejaliwa kipaji hana la kufanya.

Maelezo hayo yana uzito kwa sababu mwanafunzi huyapokea mapema. Akiwa na umri wa miaka 14 au 15, kabla ya kuchagua tahasusi na kabla ya kukutana na uthibitisho wowote wa maana, huwa ameshahukumiwa, na mara nyingi hujihukumu mwenyewe. Hukumu hiyo humfungia njia za uhandisi, takwimu, uchumi, sayansi ya kompyuta na ualimu wa somo lenyewe. Kwa hiyo, swali la jinsi ukomavu wa kihisabati unavyojengeka linagusa maisha ya watoto wengi katika jiji lililokuwa na wakazi 5,383,728 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022.

Makala hii inapinga maelezo ya kipaji kwa njia ya ufafanuzi. Kwanza, inabainisha maana ya ukomavu wa kihisabati. Pili, inafuatilia swali moja, yaani saa ya Kiswahili, kutoka Darasa la Nne hadi chuo kikuu. Tatu, inachunguza sarufi ya Kiswahili inayobeba hoja za kihisabati. Nne, inajadili kinachoipata sarufi hiyo mwanafunzi anapoingia Kidato cha Kwanza. Mwisho, inatoa mapendekezo.

2.0 Dhana ya Ukomavu wa Kihisabati

Ukomavu wa kihisabati haupimwi kwa wingi wa mada ambazo mtu amepitia. Mwanafunzi anaweza kuhitimu Kidato cha Sita akiwa amekariri kanuni nyingi, lakini akashindwa kueleza kwa nini hata moja kati yake ni kweli. Katika makala hii, ukomavu unachukuliwa kuwa uwezo wa kufanya mambo manne: kutofautisha maana ya dhana na picha yake akilini, kutambua mipaka ya kanuni, yaani inapotumika na inapokoma, kujenga hoja na kuona pengo katika hoja, iwe ya mtu mwingine au ya kwake, na kuona kwamba maswali mawili yanayofanana kwa nje ni tofauti, au yanayotofautiana kwa nje ni swali moja.

Watafiti kadhaa wameielezea safari ya kuufikia uwezo huo. Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, katika tasnifu zao za mwaka 1957 nchini Uholanzi, walipendekeza kwamba ujifunzaji wa jometri hupita katika ngazi: mwanafunzi hutambua umbo kwa sura yake, kisha kwa sifa zake, kisha huona uhusiano wa sifa hizo, na hatimaye hujenga uthibitisho. Jambo muhimu katika nadharia yao ni kwamba mwalimu na mwanafunzi walio katika ngazi tofauti hutumia maneno yale yale kwa maana tofauti, na hivyo hawaelewani. Naye Skemp (1976) alitofautisha uelewa wa kujua cha kufanya na uelewa wa kujua cha kufanya pamoja na sababu yake. Mwanahisabati Terence Tao ameeleza hatua tatu: kukokotoa kwa hisia na mifano; kufuata masharti ya uthibitisho kwa ukali; na kurudi kwenye hisia, safari hii zikiwa zimenyooshwa na uthibitisho. Pamoja na tofauti zao, wote wanakubaliana kwamba safari hii haifanyiki kwa muhula mmoja.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Kila aliyepita shule ya msingi nchini anaijua MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha na Toa. Mwanafunzi anayeufuata neno kwa neno, akipewa 10 − 4 + 3, atajumlisha kwanza 4 na 3 apate 7, kisha atoe 7 kutoka 10 apate 3. Jibu linalokubalika ni 9. Mwalimu mzuri atasema kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi anayekomaa hatatosheka na maelezo hayo. Atauliza: mbona kugawanya kabla ya kuzidisha hakuleti madhara? Akijaribu 24 × 4 ÷ 2, atapata 48 akigawanya kwanza au akizidisha kwanza. Akijaribu 24 ÷ 4 × 2, atapata 12 akianza kugawanya, ambalo ndilo jibu la kutoka kushoto. Hatimaye atagundua kwamba neno hilo limetanguliza kugawanya mbele ya kuzidisha, lakini limetanguliza kujumlisha mbele ya kutoa, na kwamba kutoa ni kwa kujumlisha kama kugawanya kulivyo kwa kuzidisha. Kwa hiyo, laiti kutoa kungetangulia kujumlisha, madhara yale yasingetokea. Mwanafunzi huyo hakuongezewa mada yoyote mpya. Amerejea kwenye kanuni ya utotoni na kuikagua.

3.0 Swali Moja katika Umri Tofauti: Saa ya Kiswahili

Mtoto wa Dar es Salaam huishi na saa mbili. Tangazo la mtihani linaandika saa 2:00 asubuhi, ilhali simu ya baba inaonyesha 8:00. Kwa kawaida suala hili huchukuliwa kuwa la tafsiri. Kihisabati, lina utajiri ambao unaweza kumfaa mwanafunzi kwa zaidi ya miaka kumi.

*3.1 Shule ya msingi.* Mwanafunzi wa Darasa la Nne huijua kanuni kwa vitendo: namba ikiwa ndogo, jumlisha 6, ikiwa kubwa, toa 6. Saa tatu ni 9. Saa nane ni 2. Akitazama saa ya ukutani, huona pia kwamba namba inayotamkwa iko upande wa pili wa ile inayoonyeshwa na mshale. Hapa ana kanuni mbili na picha moja, na hajaulizwa kama vitatu hivyo vinaafikiana.

*3.2 Sekondari ya chini.* Swali linaweza kurudi hivi: kwa nini kujumlisha 6 na kutoa 6 huleta jibu lile lile? Mwanafunzi akijibu kwamba tofauti ya kufanya hivi na kufanya vile ni 12, na kwamba 12 ni mzunguko mzima unaomrudisha alipokuwa, atakuwa ametoa uthibitisho. Kanuni mbili za Darasa la Nne zimekuwa moja, na ile picha ya upande wa pili imepata sababu, kwa kuwa 6 ni nusu ya 12. Aidha, ataona kwa nini njia ya kutoka saa ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza ni ile ile ya kurudi, jambo ambalo si la kawaida. Anayebadili shilingi kuwa dola hawezi kutumia hesabu ile ile kubadili dola kuwa shilingi.

*3.3 Sekondari ya juu.* Sasa swali linapanuliwa: ni hatua zipi ambazo ukizichukua mara mbili unarudi ulipoanza? Kwenye saa yenye alama 12 ni hatua 0 na hatua 6 tu. Je, kwenye juma lenye siku 7? Hapa Kiswahili kinatoa mfano mwingine. Majina Jumamosi hadi Jumatano yanahesabu siku ya kwanza hadi ya tano kuanzia Jumamosi. Alhamisi nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ina maana ya siku ya tano, ikihesabiwa kuanzia Jumapili. Juma moja lina siku mbili za tano kwa sababu hesabu mbili zimepishana kwa siku moja. Upishanaji huu haufanani na ule wa saa: ukiurudia mara mbili hurudi ulipoanza, bali unasogea siku mbili. Tena hakuna upishanaji wowote wa siku, isipokuwa ule wa 0, utakaokurudisha ukirudiwa mara mbili. Sababu ni kwamba maradufu ya hatua hiyo ingelazimika kugawanyika kwa 7, na kwa kuwa 7 ni namba witiri, hatua yenyewe ingelazimika kugawanyika kwa 7.

*3.4 Chuo kikuu.* Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akikutana na aljebra dhahania huambiwa kwamba hatua zote za saa zinaunda mfumo wenye sheria zake, na kwamba mfumo wa aina hiyo wenye idadi shufwa ya hatua una hatua inayojifuta yenyewe ikirudiwa, ilhali wenye idadi witiri hauna, ukiacha ile ya 0. Aliyepitia hatua tatu za awali ataitambua kauli hii kama rafiki wa zamani. Asiyezipitia ataiona kama lugha ngeni, na atafanya alichozoea kufanya tangu Kidato cha Kwanza, yaani kukariri.

Tofauti kati ya wanafunzi hawa wawili haikuanzia chuoni, na hakuna haja ya kuieleza kwa kipaji. Mmoja aliulizwa swali lile lile mara nne katika kipindi cha zaidi ya miaka kumi, kila mara akitakiwa kutoa sababu. Mwingine aliulizwa mara moja, akapewa alama, na mada ikafungwa.

4.0 Sarufi ya Hoja katika Kiswahili

Kila hatua iliyoelezwa hapo juu ilidai kusema jambo na kutoa sababu yake. Hivyo basi, lugha ya hoja ni sehemu ya ukomavu wenyewe. Katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1974 kuhusu isimu na elimu ya hisabati, mwanaisimu Halliday alieleza kwamba rejista ya hisabati ni zaidi ya orodha ya maneno. Inajumuisha pia mitindo ya maana na namna za kujenga hoja. Kauli hiyo, iliyotolewa hapa hapa Afrika Mashariki, bado haijazingatiwa ipasavyo.

Kiswahili kina istilahi nzuri za vitu vya kihisabati. Namba tasa, namba shufwa, namba witiri, pembetatu, mzingo, kipeuo cha pili, kigawe kidogo cha shirika: hizi zimeingia vitabuni na zinaeleweka. Kazi ya taasisi kama BAKITA na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyokuja kuwa sehemu ya TATAKI, inastahili heshima. Hata hivyo, nomino huitaja namba tu. Zinazobeba hoja juu ya namba ni viambishi, viunganishi na mpangilio wa sentensi. Vipengele vinne vinatosha kuonyesha hilo.

*4.1 Sharti na ugeuzaji wake.* Kauli "Namba ikigawanyika kwa 4, hugawanyika kwa 2" ni Kiswahili cha kawaida kabisa. Kiambishi *-ki-* kinabeba sharti na *hu-* kinabeba ujumla, bila kuhitaji neno la ziada. Tatizo ni kwamba *-ki-* hubeba wakati na sharti kwa pamoja, na msikilizaji huelekea kuigeuza kauli. "Mvua ikinyesha, barabara hujaa maji" ni kweli, lakini barabara ya Tandale inaweza kujaa maji kwa sababu bomba limepasuka. Vivyo hivyo, 6 inagawanyika kwa 2 bila kugawanyika kwa 4. Mfano wa bomba na mfano wa 6 ni kitu kimoja, yaani mfano kinzani. Mwanafunzi aliyeuelewa wa kwanza yuko karibu sana na wa pili, ikiwa mtu atamwonyesha daraja lililopo kati yake.

*4.2 Ukanushi.* "Wanafunzi wote hawakufaulu" ina maana mbili: kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu, au kwamba wapo walioshindwa. Mzazi makini atauliza, "Hata mmoja?" Hisabati haiwezi kuishi na utata huo. Kiswahili kina njia ya kuuondoa: "Si wanafunzi wote waliofaulu" kwa maana moja, na "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu" kwa maana nyingine. Kadhalika, "Namba witiri zote si tasa" haifai katika uthibitisho. "Si namba witiri zote zilizo tasa" inafaa, na namba 9 inatosha kuithibitisha.

*4.3 Kila na kuna.* "Kwa kila daladala kuna konda" na "Kuna konda kwa kila daladala" ni kauli ambazo abiria wa kawaida atazichukua kuwa moja: kila gari lina konda wake. Katika hisabati, mpangilio wa *kila* na *kuna* hubadili maana, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hukwama wanapofika kwenye dhana ya kikomo. Kiswahili kinapotaka kusema kwamba konda ni mmoja kwa magari yote, husema hivyo waziwazi: "Kuna konda mmoja ambaye ndiye wa daladala zote." Kwa hiyo lugha inamudu tofauti hii, ila haiitamki isipolazimishwa. Kazi ya mwalimu ni kuilazimisha.

*4.4 Dhana isiyo kweli.* Uthibitisho kwa njia ya kinzano huwasumbua wanafunzi kwa sababu unaanza na jambo lisilo kweli. Kiswahili kina *-nge-*, kiambishi kilichoumbwa kwa kazi hiyo: "Kama kungekuwa na namba nzima iliyo kubwa kuliko zote, tungeijumlishia 1 na kupata iliyo kubwa zaidi; hivyo isingekuwa kubwa kuliko zote." Sentensi hii ni uthibitisho kamili. Kitenzi chenyewe kinamkumbusha msomaji, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwamba tunatembea katika ulimwengu wa kudhania. Mtoto wa miaka kumi anayesema "Ningekuwa na hela ningenunua" tayari anayo sarufi ya hoja hiyo.

5.0 Mpito wa Kidato cha Kwanza

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini, na Kiingereza kimeendelea katika sekondari na vyuo vikuu. Mjadala wa mgawanyo huo ni wa muda mrefu. Mlama na Matteru walitetea matumizi ya Kiswahili katika elimu ya juu mwaka 1978; Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa; Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitambua Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari zimeendelea na Kiingereza. Tafiti za miaka mingi, zikiwemo za mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, zimeonyesha kwamba wanafunzi hujieleza kwa upana zaidi wanapotumia Kiswahili.

Makala hii haikusudii kuurudia mjadala huo wote. Inaongeza jambo moja linalohusu hisabati. Mara nyingi husemwa kwamba hisabati huathiriwa kidogo na mabadiliko ya lugha kwa sababu alama zake ni za dunia nzima. Kwa ukokotoaji, dai hilo lina ukweli: 3 + 5 ni 8 kwa lugha yoyote. Kwa hoja, dai hilo halisimami. Mwanafunzi wa miaka 13 anapoingia Kidato cha Kwanza, istilahi za vitu hutafsiriwa haraka. Baada ya majuma machache anajua jina la Kiingereza la pembetatu. Kisichotafsiriwa haraka ni *-ki-*, *-nge-*, *si wote* na *kwa kila*. Kwa kukosa hivyo, anabaki na sehemu ya hisabati isiyohitaji sentensi, yaani ukokotoaji. Mwalimu naye, akiona darasa limenyamaza, huondoa maswali ya "kwa nini" na kubakiza ya "kokotoa". Hapo ndipo urejeaji ulioelezwa katika sehemu ya 3.2 unapokatika, katika umri ule ule ambao ulitakiwa kuanza.

Inafaa kukiri pande mbili za jambo hili. Kwanza, Kiswahili peke yake hakileti ukomavu. MAGAZIJUTO inafundishwa kwa Kiswahili, na inaweza kukaririwa kwa miaka saba bila kuhojiwa hata mara moja. Pili, wapo waliofika mbali kupitia lugha zaidi ya moja. Profesa Verdiana Masanja, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, alisoma Jangwani, akahitimu shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976 na ya umahiri mwaka 1981, kisha akafanya uzamivu Berlin, Ujerumani, katika taaluma ya mwendo wa vimiminika. Safari ya namna hiyo inaonyesha kwamba lugha mpya inaweza kujifunzwa njiani. Inaonyesha pia kiasi cha muda kinachohitajika: kati ya shahada ya kwanza na ya pili pekee ilipita miaka mitano. Swali la kisera linamhusu zaidi mwanafunzi wa kawaida, ambaye ananyimwa miaka hiyo kwa kuaminishwa mapema kwamba hana kipaji.

6.0 Pembezoni mwa Jiji: Vizuizi na Rasilimali

Wanafunzi wa pembezoni mwa jiji hukabiliwa na hali zinazojulikana: madarasa yenye wanafunzi wengi, safari ndefu za daladala zinazokula saa za kusoma, na utegemezi wa tuisheni za jioni. Tuisheni inastahili maelezo mafupi. Kwa kuwa mzazi hulipia matokeo, mwalimu wa tuisheni hufundisha kutatua mitihani iliyopita, na hufanya hivyo kwa ustadi. Anachouza ni kasi ya kulitambua swali. Ukomavu unadai kinyume chake, yaani kukaa na swali moja kwa muda mrefu, na hakuna anayelipia jioni nzima ya swali moja.

Hata hivyo, maeneo haya yana rasilimali ambazo shule hazizitumii. Mfano mmoja uko Keko, Temeke, panapojulikana kwa samani. Fundi seremala anayeunganisha fremu ya mlango hupima kwanza pande zinazotazamana kuhakikisha ni sawa, kisha hupima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwa njia zote mbili. Vipimo viwili vya kona vikilingana, anajua fremu imekaa mraba. Mwanafunzi anaweza kuulizwa: je, kupima kona peke yake kungetosha? Jibu ni hapana. Umbo lililo jembamba juu na pana chini, lenye mishazari miwili iliyo sawa pembeni, lina vipimo vya kona vinavyolingana ilhali halina pembe mraba hata moja. Fundi hapimi pande kwa mazoea tu. Bila kipimo hicho hoja yake ina pengo.

Mfano wa pili ni wa mwashi anayechora msingi kwa kamba ya futi 3, 4 na 5. Shuleni hufundishwa kwamba pembetatu ikiwa na pembe mraba, vipimo vyake hufuata kanuni ya Pythagoras. Mwashi anatumia kauli iliyogeuzwa: vipimo vikifuata kanuni, pembe ni mraba. Sehemu ya 4.1 ilionyesha kwamba kugeuza kauli ni jambo la hatari. Kwa nini hapa ni salama? Swali hilo linamtosha mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kwa juma zima, na linaweza kuulizwa kwa Kiswahili cha mtaani bila kupoteza chochote.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba ukomavu wa kihisabati ni zao la kurejea maswali machache kwa miaka mingi, kila mara kwa hoja iliyo imara zaidi, na kwamba hoja hiyo huhitaji sarufi ambayo mwanafunzi anaimiliki. Mtoto wa Kinondoni au Temeke anaingia Kidato cha Kwanza akiwa nayo sarufi hiyo. Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa.

Mosi, mitaala ipange maswali yanayorejewa. Saa ya Kiswahili, MAGAZIJUTO na fremu ya mlango ni mifano ya maswali yanayoweza kutokea Darasa la Nne, Kidato cha Pili na Kidato cha Tano, kila mara yakidai maelezo ya ngazi ya juu zaidi.

Pili, wakati sera ya lugha ikiendelea kujadiliwa, mwalimu wa sekondari aruhusiwe waziwazi kuendesha hatua ya hoja kwa Kiswahili kabla ya uandishi wa Kiingereza. Walimu wengi hubadili msimbo tayari, lakini hufanya hivyo kwa siri na kwa hofu ya mkaguzi. Kinachofanywa kwa siri hakiwezi kuboreshwa.

Tatu, wataalamu wa istilahi wapanue kazi yao kutoka nomino hadi miundo ya hoja. Mwongozo mfupi wa namna ya kuandika sharti, ukanushi, *kila* na *kuna*, na kinzano kwa Kiswahili bila utata ungewafaa walimu kuliko orodha nyingine ya majina. Vyuo vya ualimu, kikiwemo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe, Temeke, vina nafasi nzuri ya kuujaribu mwongozo kama huo katika shule zinazovizunguka.

Nne, upimaji utoe alama kwa maelezo. Mradi mtihani unalipa jibu pekee, shule na tuisheni zitaendelea kufundisha jibu pekee. Swali moja katika kila karatasi linalomtaka mtahiniwa aeleze kwa nini kauli fulani ni kweli, au atoe mfano kinzani, lingebadili kinachofundishwa madarasani kwa haraka kuliko semina nyingi.

Kazi inayobaki kwa watafiti ni kuyapima haya uwandani: kuwafuata wanafunzi wale wale kuanzia Darasa la Sita hadi Kidato cha Nne na kurekodi namna wanavyojenga hoja katika lugha zote mbili. Utafiti wa aina hiyo utachukua miaka, kama unavyochukua miaka ukomavu wenyewe.